Fungu la 1/175: hesabu iliyojificha nyuma ya safari za vijana wawinda nyangumi

Mwishoni mwa Desemba 1840, kijana wa miaka 21 alitia saini karatasi katika bandari ya New Bedford, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Karatasi hiyo ilimfanya baharia wa Acushnet, merikebu mpya ya kuwinda nyangumi iliyokuwa tayari kung'oa nanga. Ujira wake haukuandikwa kwa dola. Uliandikwa 1/175. Kijana huyo aliitwa Herman Melville. Baadaye dunia ilimjua kama mwandishi, lakini siku ile alikuwa mwalimu wa shule asiye na kazi, mtoto wa familia iliyofilisika.

Hiyo 1/175 ndiyo ninayotaka tuikalie kitako. Habari za vijana waliokwenda kuwinda nyangumi karne ya 19 zimesimuliwa mpaka zimechuja: mawimbi kama milima, visiwa vyenye minazi, mkia wa nyangumi unaopasua mashua. Hesabu ndiyo haisimuliwi. Na bila hesabu huelewi kwa nini vijana hawakuisha kwenda, kwa nini wengi wao walitoroka njiani, wala kwa nini mmoja wao alijikuta Unguja mwaka 1843, hataki hata kuiona merikebu iliyomleta.

Mgao wa bahari

Mtu aliyekulia pwani yetu hashangazwi na mgao. Ngalawa ikirudi na samaki wakiuzwa, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, kinachobaki wanagawana wavuvi. Mshahara hakuna. Bahari ikikunyima, na nyumbani mnalala hivyo hivyo.

Merikebu za nyangumi zilikwenda kwa utaratibu huohuo. Wenye chombo walichukua karibu theluthi mbili ya thamani ya mafuta, na theluthi iliyobaki ikagawiwa watu 25 au 30 waliokuwa ndani. Nahodha aliweza kupata fungu la 1/15, au hata kubwa zaidi akiwa na jina. Wasaidizi wake walifuata, kisha warusha chusa, ule mkuki wenye kamba, kisha mafundi seremala na mapipa, kisha mabaharia wazoefu. Mwishoni kabisa walikaa wale ambao hawajawahi kuonja chumvi ya bahari, na hao walipewa 1/175, 1/180, 1/200. Mtoto wa kutumwa chumbani kwa nahodha alishuka hata chini ya hapo.

Kulikuwa na mtego mdogo hapa. Kijana wa shamba asiyezoea hesabu za sehemu alisikia "mia mbili" akadhani ni bora kuliko "mia moja na hamsini". Hata aliyejua kwamba namba ikipanda fungu linashuka hakuwa na njia ya kujua ni fungu la nini, kwa sababu mafuta yenyewe yalikuwa bado yanaogelea Pasifiki.

Mvuvi wa ngalawa humwona samaki wake akinadiwa asubuhi ileile. Mwinda nyangumi alingoja miaka mitatu au minne, na aliyepanga bei na kushika daftari alikuwa mwenye merikebu.

Tupige hesabu ya mfano. Merikebu imerudi baada ya miaka minne na mapipa 2,000 ya mafuta, safari ambayo mtu angeiita nzuri. Pipa la hesabu lilikuwa galoni 31.5, kwa hiyo ni galoni 63,000. Tuseme galoni inauzwa dola 1, tupate dola 63,000. Nahodha wa 1/15 anaondoka na dola 4,200. Kijana wa 1/175 anapata dola 360, yaani dola saba na nusu kwa mwezi. Kibarua wa nchi kavu wakati huo aliweza kupata karibu dola moja kwa siku, ingawa alijilisha mwenyewe, na baharia alilishwa.

Hizo 360 zenyewe hazikufika mkononi zote. Kabla ya kuondoka kijana alipewa advansi ya nguo na vifaa, na Melville alipewa dola 84. Advansi ilirudi na riba. Baharini viatu vilioza, shati likachanika, tumbaku ikaisha, na duka lilikuwa moja tu kati ya hapo na upeo wa macho: kasha la nahodha, lenye bei za nahodha. Kila kisu na kila soksi iliingia daftarini. Halafu kulikuwa na ada ya sanduku la dawa, na ada ya kupakia na kushusha. Kijana aliyeshuka gatini na dola 150 baada ya miaka minne hakuwa na bahati mbaya kuliko wenzake. Wapo walioshuka wakiwa wanadaiwa, wakatia saini safari nyingine ili walipe ile ya kwanza.

Wazee walisema kwenda tezi na omo, nyuma na mbele ya chombo, marejeo ni ngamani, chini tumboni mwake. Kwenye merikebu za nyangumi ngama ilikuwa daftari.

Kwa nini basi walikwenda?

Jibu la haraka ni kwamba walidanganywa, na kuna ukweli ndani yake. New York na Boston zilikuwa na madalali waliolipwa kwa kichwa. Walibandika matangazo, wakawapokea vijana waliotoka mashamba ya bara, wakawapa kitanda na chakula cha siku mbili, wakawauzia nguo mbovu kwa bei ya nguo nzuri, kisha wakawapeleka New Bedford pamoja na deni lao. Mabaharia wenyewe waliwaita papa wa nchi kavu.

Lakini uongo wa dalali hautoshi kueleza miaka hamsini ya vijana. Njaa ya kazi ilikuwepo: mabenki ya Marekani yaliyumba mwaka 1837, na biashara ya kaka yake Melville ilikuwa moja ya zilizozama. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo haya yote. Sehemu ya ujira ililipwa kwa hadithi. Kijana wa Ohio au Vermont asiyewahi kuona maji yanayozidi bwawa la ng'ombe aliambiwa ataizunguka Rasi ya Horn, atakanyaga visiwa ambavyo mwalimu wake anavijua kwa ramani tu, na atarudi akiwa mtu ambaye wengine hunyamaza akizungumza. Hayo mengi yalikuwa kweli. Wenye merikebu walijua yana thamani, wakayahesabu ndani ya mshahara kimyakimya. Hadithi haikuwagharimu senti.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwanzoni mwa karne kitovu cha kazi hii kilikuwa Nantucket, kisiwa kidogo cha mchanga ambapo mwenye merikebu, nahodha na mtoto wa chumbani waliweza kuwa wa ukoo mmoja. Thomas Nickerson alikuwa na miaka 14 alipopanda Essex mwezi Agosti 1819. Kwake hiyo ilikuwa ngazi ya kwanza: utumishi, kasia, chusa, usaidizi, unahodha. Tarehe 20 Novemba 1820, mbali kabisa na nchi kavu katika Pasifiki, ndiye aliyeshika usukani pale nyangumi dume alipoigonga merikebu, akageuka, akaigonga tena.

Watu 20 waliingia kwenye mashua tatu. Waliogopa visiwa vilivyo karibu kwa sababu walisikia vinakaliwa na wala watu, wakaamua kuelekea Amerika Kusini, safari ya miezi. Wakaishia kulana wao kwa wao. Katika mashua ya nahodha George Pollard ilipigwa kura, ikamwangukia Owen Coffin, binamu yake nahodha, kijana asiyetimiza miaka 20. Waliookoka ni wanane, na Nickerson mmoja wao. Kinachonishangaza kuliko yote ni kilichofuata: Pollard alipewa merikebu nyingine, na Nickerson akapanda naye. Hiyo nayo ilipasuka kwenye miamba mwaka 1823. Watu wa Nantucket hawakuwa na kazi nyingine ya kurudia.

Miaka ishirini baadaye picha ilikuwa imegeuka. New Bedford, yenye bandari ya kina kirefu na reli, iliipita Nantucket. Kufikia 1857 merikebu 329 zilikuwa za bandari hiyo moja, na zilihitaji watu karibu elfu kumi. Nantucket yote isingetosha. Ndipo wakaja vijana wa bara, watumwa waliotoroka kusini, Wareno wa visiwa vya Azores, watu wa Cape Verde, Wapolinesia. Wachache sana kati yao walikuwa na ngazi ya kupanda. Nahodha hakumjua baba yako, na hukutarajiwa kurudi safari ya pili.

Ndani ya mashua

Sasa tuione kazi yenyewe, kwa sababu asiyejua kazi hii ilifanywaje hawezi kujua fungu la 1/175 lilikuwa dogo kiasi gani.

Mtu mmoja juu ya mlingoti, saa mbili kwa zamu, anatazama. Akiona mvuke mfupi umelala upande wa kushoto anajua ni spemu, nyangumi mwenye kichwa kama shina la mbuyu lililokatwa, maana huyo hupulizia pembeni. Anapiga kelele. Mashua zinashushwa, kila moja kama mita nane na nusu, nyembamba kiasi kwamba ukipiga teke vibaya unatoboa. Ndani wako sita: mkuu wa mashua anasimama tezi na kasia refu la kuongozea, mrusha chusa anakaa omo akivuta kasia la kwanza, na wanne kati yao. Wapiga makasia wanaipa nyangumi mgongo, na wamekatazwa kugeuka. Kijana wa shamba kwa hiyo alifika hatua mbili tatu kutoka kwa mnyama wa tani 40 bila kumwona. Alichokiona ni uso wa mkuu wa mashua, na aliusoma huo.

Mrusha chusa anasimama, anachoma. Chusa haiui. Kazi yake ni ya ndoano: imshike mnyama, na kamba ifuate. Kamba imekunjwa kwa uangalifu ndani ya mapipa mawili, mita 500 na ushei, inazungushwa kwenye kigingi cha tezi, kisha inapita katikati ya wapiga makasia wote mpaka omo. Nyangumi akizama, kamba inakimbia mpaka kigingi kinatoa moshi, na mtu anakimwagia maji. Mkono au mguu ukinaswa na mkunjo, umekwenda, na mwenye nao anakwenda nao.

Katikati ya hayo, mrusha chusa na mkuu wa mashua wanabadilishana nafasi. Nimesoma maelezo ya jambo hili mara kadhaa nikidhani nimekosea kuelewa. Mashua inaruka juu ya mawimbi ikivutwa na mnyama aliyejeruhiwa, na watu wawili wanapishana ndani yake kwa miguu, mmoja kwenda tezi, mwingine kuja omo. Sababu haikuwa ya ufundi. Heshima ya kuua kwa mkuki ilikuwa ya ofisa, na heshima hiyo ilifuatwa hata pale ilipohatarisha shingo za wote.

Akichoka, nyangumi anachomwa mkuki karibu na mapafu, na mvuke wake unageuka damu. Hapo kijana angedhani kazi imekwisha. Kumbe wanaanza kumvuta kwa makasia kurudi merikebuni, wakati mwingine maili kadhaa, giza likiingia.

Kumchuna kulifanana na jambo unaloliona kila siku sokoni. Muuza machungwa anapomenya hakati vipande, huzungusha kisu na ganda likatoka utepe mmoja mrefu. Shahamu ya nyangumi ilitoka hivyohivyo: ndoana ikishikwa kwenye shahamu, winchi ikivuta, mzoga ukajizungusha majini, na utepe wa mafuta wenye upana wa mlango ukapanda mlingotini. Papa walikusanyika chini. Kichwa cha spemu kilichotwa kwa ndoo, maana ndani yake mna mafuta laini ambayo yakipigwa na hewa huganda kama nta, na ndiyo yaliyofanya mishumaa bora ya zama zile. Mengine yalipikwa kwenye masufuria mawili makubwa ya chuma juu ya jiko la matofali pale sitahani, na moto ukilishwa kwa makapi ya shahamu yenyewe. Nyangumi alipikwa kwa mwili wake. Usiku na mchana, siku mbili tatu, moshi mweusi, sitaha inateleza, harufu ambayo haikutoka kwenye nguo.

Mafuta hayo yaliwasha taa za London na New York na kulainisha mashine za viwanda vya nguo. Mara moja moja, katika matumbo ya spemu, walikuta ambari, lile donge la thamani linalotiwa kwenye manukato. Pwani yetu iliijua ambari zamani kuliko New Bedford kuwepo: al-Masudi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliandika kuhusu ambari ya nchi ya Zanji, yaani pwani hii, na ubora wake. Tofauti ni kwamba watu wa huku waliingoja itupwe na maji ufukweni.

Baada ya hekaheka hiyo ilikuja miezi mitupu. Merikebu iliweza kukaa majuma bila kuona mvuke. Watu 15 au 20 walilala katika chumba cha omo, dari ya kuinamia, wakikaa juu ya masanduku yao kwa kukosa viti. Walichonga meno ya nyangumi kwa sindano na kupaka masizi. Walikula biskuti ngumu zenye wadudu na nyama ya chumvi. Sherehe yao moja ndiyo inayonipendeza: mapipa yakifika 1,000, kwenye merikebu nyingine watu walikaangiwa maandazi ndani ya yale masufuria, kwa mafuta ya nyangumi yanayochemka.

Mtu wa Unguja

Mwaka 1842, John Ross Browne, mzaliwa wa Ireland aliyekulia Kentucky, alikuwa na miaka 21 na hamu ya kuiona Ulaya. Alikuwa amefanya kazi Washington akiandika hotuba za maseneta kwa hatimkato ili apate nauli. Nauli haikutosha. Akaishia Fairhaven, ng'ambo ya New Bedford, bandari ileile ambayo Acushnet iling'oa nanga, ndani ya merikebu ya nyangumi, na badala ya Paris akaona Azores, kisha Rasi ya Tumaini Jema, kisha bahari yetu.

Unguja haikuwa mahali pa ajabu kwa Wamarekani. Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alikuwa ametia saini mkataba wa biashara nao mwaka 1833, balozi wao mdogo Richard Waters alifika 1837, na wafanyabiashara wa Salem, bandari nyingine ya Marekani, walikuwa wakishusha kitambaa ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani. Mwaka 1840 Sultana, merikebu ya Seyyid Said, ilitia nanga New York ikiwa na Ahmad bin Naaman. Merikebu za nyangumi zilizofanya kazi kati ya Madagaska, Ushelisheli na pwani yetu zilipita Unguja kuchukua maji, kuni na matunda, na mara nyingi kuacha watu.

Browne alikuwa mmoja wa walioachwa, kwa hiari yake. Alikuwa amechoshwa na nahodha, na chakula, na ile hesabu. Alifanikiwa kufunguliwa mkataba, akakaa Unguja, na mwaka 1843 akarejea kwao. Miaka mitatu baadaye alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, na jina la Zanzibar likawemo kwenye jina la kitabu. Hakukiandika ili kusisimua. Alitaka Wamarekani wajue jinsi vijana wao wanavyotendewa baharini, na alifananisha maisha ya chumba cha omo na utumwa.

Hapo mimi na yeye tunaachana. Ni kweli baharia hakuweza kuacha kazi, nahodha aliruhusiwa kumchapa mijeledi mpaka sheria ilipokataza mwaka 1850, na aliyetoroka angeweza kukamatwa. Lakini mwaka ule Browne aliposhuka Unguja, soko la watumwa lilikuwa wazi, na lilibaki wazi miaka thelathini zaidi. Mtu aliyenadiwa pale hakuwa na karatasi yenye tarehe ya mwisho, wala balozi mdogo wa kumwendea na malalamiko. Browne alipata njia ya kutoka kwa sababu alikuwa huru tangu mwanzo.

Na merikebu ileile iliyokuwa gereza kwa mmoja ilikuwa maficho kwa mwingine. John Thompson, aliyetoroka utumwa Maryland, alipanda merikebu ya nyangumi New Bedford akitafuta mahali ambapo wawinda watumwa hawangemfikia, na bahari ilifaa. Kule baharini hesabu ilikuwa ya haki zaidi kidogo kuliko nchi kavu: baharia mweusi na mweupe wa cheo kimoja waliweza kuandikiwa fungu linalokaribiana. Mwaka 1822 Absalom Boston wa Nantucket aliongoza merikebu Industry ikiwa na mabaharia weusi watupu. Mwaka 1848 Lewis Temple, mhunzi mweusi wa New Bedford aliyezaliwa Richmond, Virginia, alibuni chusa yenye kichwa kinachojigeuza ndani ya nyama ili isichomoke. Wahunzi wote wakaiiga. Temple hakuisajili kwa jina lake.

Kutoroka

Ukiijua hesabu, kutoroka hakukushangazi tena. Kijana akifika kisiwani mwaka wa pili, daftari linasema anadaiwa, na mbele yake kuna ufuko. Aliyetoroka alipoteza fungu lake lote, lakini fungu lenyewe lilikuwa limeshaliwa. Melville alitorokea Nuku Hiva mwezi Julai 1842 pamoja na mwenzake, Richard Tobias Greene, baada ya mwaka mmoja na nusu. Acushnet iliporudi kwao mwaka 1845, zaidi ya nusu ya walioondoka nayo walikuwa wameachana nayo njiani. Nahodha aliwajaza wengine visiwani.

Jambo linalokera ni kwamba utoro wa mapema ulimuumiza mwenye merikebu, ila utoro wa mwishoni ulimfaidi: mafuta tayari yako ngamani, na jina moja limefutwa kwenye mgao. Mabaharia walilijua hilo. Walinung'unika kwamba nahodha huwa mkali kupita kiasi kadiri mapipa yanavyojaa.

Wapo ambao ngazi iliwashika. Manjiro alikuwa mvuvi wa Kijapani wa miaka 14 alipotupwa na dhoruba kwenye kisiwa kikavu na wenzake wanne, mwaka 1841. Merikebu ya nyangumi John Howland iliwaokoa. Nahodha William Whitfield alimpenda mtoto huyo, akamchukua mpaka Fairhaven, akampeleka shule ajifunze uongozaji wa meli. Mwaka 1846 Manjiro aliondoka na merikebu Franklin akiwa mtumishi, akarudi akiwa ofisa. Kisha akachimba dhahabu California, akapata nauli, na mwaka 1851 akarudi Japani, wakati ambapo Mjapani aliyetoka nje aliweza kuuawa kwa kurudi. Walimhoji kwa miezi, kisha wakamfanya mtu wa serikali, maana Wamarekani walikuwa njiani na hakuna mwingine aliyewajua.

Kazi yenyewe ilikufa kwa haraka kuliko ilivyokua. Dhahabu ya 1848 iliwanyakua mabaharia San Francisco. Mwaka 1859 mafuta yalichimbwa ardhini Pennsylvania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilichoma merikebu nyingi, na mwaka 1871 barafu ya kaskazini ilizibana 33 kwa mpigo mmoja, ingawa watu wote, zaidi ya 1,200, waliokoka. Vijana wa Ohio wakapata kazi za reli.

Moja ya merikebu hizo ingalipo. Charles W. Morgan iliundwa New Bedford mwaka 1841, mwaka ambao Acushnet iliondoka na Melville, ikafanya safari 37 katika miaka 80. Leo imefungwa gati la makumbusho Mystic, jimbo la Connecticut, na unaweza kushuka kwenye chumba cha omo ukaviona vitanda, vifupi kuliko mtu mzima. Mwaka 2014, baada ya ukarabati, ilitweka matanga tena ikaenda Stellwagen Bank, mahali nyangumi wanapojilishia karibu na Boston. Mtu aliwaona wakipuliza. Wakashusha mashua, makasia majini, omo patupu bila chusa, wakakaa kuwatazama.